Mfamasia kwenye chumba cha dharura: asimame wapi, ashike nini

Dirisha la dawa husubiri cheti. Kwenye dharura dawa huchanganywa kando ya kitanda, na mara nyingi mgonjwa ameshachomwa kabla cheti hakijaandikwa. Mfamasia wa dharura anayeshinda dirishani hamsaidii mgonjwa huyo. Apewe meza hatua chache kutoka kitanda cha mahututi, na jambo la kwanza kuuliza liwe uzito.

Kazi kubwa ni kuchanganya na kuhakiki dozi. Chukua malaria kali. Kichupa cha artesuneti cha mg 60 huyeyushwa kwa ml 1 ya sodiamu baikaboneti. Mchanganyiko ukiwa angavu, ongeza ml 5 za salaini kwa mshipa (mg 10 kwa kila ml) au ml 2 kwa msuli (mg 20 kwa kila ml). Chini ya kilo 20 ni mg 3 kwa kilo. Kuanzia kilo 20 ni mg 2.4. Mtoto wa kilo 12 anahitaji mg 36: ml 3.6 mshipani, ipandishwe hadi 4. Hapa hukosewa namna mbili: mtoto mdogo kupigiwa hesabu ya mkubwa, au dawa ya msuli kuvutwa kwa kipimo cha mshipa, dozi ikawa maradufu. Ikipita saa moja tangu ichanganywe, imwagwe. Dozi hurudiwa saa 12 na saa 24 baada ya ile ya kwanza, na ile ya saa 12 ndiyo hupotea mgonjwa akihamishiwa wodini. Andika saa yenyewe kwenye faili, usiandike "baadaye".

Kifafa cha mimba: magnesiamu salfeti ya 50%, vuta ml 8, ongeza maji ya sindano ml 12, upate g 4 za kusukuma mshipani taratibu, si chini ya dakika 5. Kabla ya kuanza, kalsiamu glukoneti ya 10%, ml 10, ya kuzima magnesiamu ikizidi, iwe mezani. Pumzi zikishuka chini ya 16 kwa dakika au goti likigongwa mguu usiruke, dozi inayofuata isitolewe.

Adrenalini ya mg 1 kwa ml: mzio mkali kwa mtu mzima ni mg 0.5 kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Mg 1 mshipani ni ya moyo uliosimama. Kila bomba lililojazwa libandikwe lebo papo hapo.

Potasiamu kloridi, ambayo ikisukumwa mshipani bila kuzimuliwa huua, iondoke kabisa kwenye toroli, maana ampuli yake hufanana mno na ya maji ya sindano. Fenitoini isiwekwe kwenye glukosi, huganda.

Atropini ihesabiwe kila zamu. Mgonjwa mmoja wa sumu ya viuadudu huanzishiwa mg 2, ikiongezwa maradufu kila dakika 5 mpaka majimaji ya mapafuni yakauke, na anaweza kumaliza ampuli nyingi usiku mmoja. Maombi ya dawa kwa MSD (Bohari ya Dawa ya serikali) yakifuata wastani wa mwezi peke yake, sanduku litakuwa tupu usiku huo. Weka akiba ya mgonjwa mmoja mzito isiyoguswa kwa matumizi mengine.