Somo: Umeuziwa nyumba kwa maneno ya uongo? Anzia hapa

Mtu akigundua kuwa nyumba aliyonunua siyo aliyoambiwa, kwanza humpigia muuzaji simu na kumfokea. Kisha huita fundi. Kufoka hakudhuru sana. Fundi ndiye anayeweza kukuponza, nitafika huko.

Hatua ya 1: Andika maneno yenyewe. "Alinidanganya" haitoshi. Alisema nini, lini, kwenye tangazo, kwa ujumbe wa simu, au kwa mdomo mkiwa mmesimama uani? Sifa za dalali si kesi; "nyumba tamu, hutajuta" haikufikishi popote. "Paa limebadilishwa mwaka jana" inakufikisha. Katikati pana ukungu: mwaka 1884, mahakama ya Uingereza ilisikiliza kesi ya muuzaji wa hoteli aliyemnadi mpangaji wake kuwa ni wa kutamanika sana, huku akijua kodi inalipwa vipande vipande na kwa kusukumana. Mahakama ikaona sifa ile imebeba dai la ukweli ndani yake, na dai hilo lilikuwa la uongo. Tena uongo hauhitaji mdomo. Rangi mbichi iliyopakwa kuficha ukuta uliooza nayo inasema.

Hatua ya 2: Onyesha kauli ilikusukuma kutia saini. Si lazima iwe sababu pekee. Katika kesi ya Uingereza ya Redgrave v Hurd (1881), wakili mzee aliuza nyumba pamoja na sehemu ya kazi yake, akidai inaingiza takriban pauni 300 kwa mwaka. Karatasi alizokuwa nazo hazikufika huko, na mnunuzi, Hurd, angezisoma vizuri angegundua. Hakuzisoma. Mahakama ya Rufaa ilikataa utetezi wa "ungechunguza". Ila tahadhari: Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, na nchi zilizoifuata, Tanzania ikiwamo, ni kali zaidi. Kauli ikiwa haina hila, na ulikuwa na njia ya kuujua ukweli kwa uangalifu wa kawaida, huwezi kubatilisha mkataba.

Hatua ya 3: Uongo wa aina gani? Wa makusudi, wa uzembe, au aliamini kweli anachosema. Watu hukimbilia neno "utapeli", nami huwazuia, kwa sababu hila ni ngumu kuthibitisha. Uingereza, tangu sheria ya 1967, muuzaji ndiye anayepaswa kuonyesha alikuwa na sababu ya msingi ya kuamini kauli yake. Hiyo ni njia nyepesi kuliko kumwita mwizi.

Hatua ya 4: Nyumba au pesa? Hapa ndipo kesi nyingi hufia. Kubatilisha maana yake kila mtu arudishe alichopokea. Mlango huo hufungwa ukiridhia baada ya kujua, ukichelewa, vitu vikiwa havirudishiki, au mtu wa tatu asiye na hatia akiwa ameshapata haki. Sasa fundi: ukishajua paa ni bovu, halafu ukabomoa jiko, ukajenga upya na kuingiza wapangaji, umejitangaza mwenye nyumba aliyeridhika. Mvua ikiingia, funika kwa turubai, piga picha, na siku hiyohiyo mwandikie muuzaji kwamba unazuia hasara tu na haki zako ziko palepale.

Fidia hupimwa hivi: ulilipa 100, nyumba siku ile ilikuwa na thamani ya 70, unadai 30. Usidai 60 kwa sababu nyumba ingefika 130 kama maneno yangekuwa kweli. Kipimo hicho ni cha ahadi iliyoingia kwenye mkataba wenyewe, kwa hiyo soma tena mkataba wako.

Hatua ya 5: Mkopo. Endelea kurejesha. Ugomvi wako na muuzaji haumhusu mkopeshaji ambaye hakudanganya.

Hatua ya 6: Barua ya madai kupitia wakili, mapema. Kila nchi ina ukomo wake wa kufungua shauri.

Maswali

*Mwalimu, muuzaji alinyamaza tu kuhusu ugomvi wa mpaka. Naye amedanganya?*
Kunyamaza peke yake kwa kawaida hakutoshi. Lakini kama uliuliza akajibu nusu, au alichokuambia mwanzo kilikuwa kweli kikabadilika kabla ya saini naye akakaa kimya, una hoja.

*Shikamoo wakili. Mume wangu alinisainisha rehani ya nyumba, akasema ni deni dogo la muda mfupi. Sivyo. Benki ndiyo inadai.*
Marahaba, mama. Mwaka 1993 Uingereza, katika Barclays Bank v O'Brien, mke aliambiwa dhamana ni pauni 60,000 kwa wiki tatu tu; haikuwa hivyo, na rehani ikatenguliwa dhidi yake. Benki ilipaswa kushtuka na kuhakikisha anaelewa anachosaini. Nchi yako inaweza kuwa na utaratibu wake, kwa hiyo jiulize: kuna wakili aliyekaa nawe peke yako, bila mumeo, akakueleza? Kama hayupo, mpelekee wakili wako nakala ya rehani kabla ya tarehe ya mnada, aombe zuio.

*Ndugu, na mimi niliongeza mshahara kidogo kwenye fomu ya mkopo. Afisa wa mkopo naye alinidanganya kuhusu riba. Tufutiane?*
Hapana, kaka. Uongo wako haufuti wa kwake, wala wa kwake haufuti wako. Mkopeshaji anaweza kudai mkopo wote kwa mkupuo, na huenda ikawa jinai. Mwambie wakili wako hilo kwanza, kabla ya habari ya riba.