Somo: Kupunguza uzito bila kuifukuza nazi jikoni

Wengi wanaotaka kupungua huku kwetu huanza kwa kuapa: sili tena wali. Siku ya nne harufu ya tui inaingia dirishani kutoka kwa jirani, kiapo kinavunjika, na sahani ya siku hiyo inalipa deni la siku zote nne. Somo hili halimkatazi mtu wali wala nazi. Linahusu vipimo, maana kinachotuongeza uzito Unguja na Pemba kwa kawaida ni kile kinachoingia bila kupimwa: mafuta ya kumimina kwa macho, sukari ya kijiko cha mlima, na sinia lisilo na mpaka.

Vifaa ni vichache: kikombe cha mililita 250, kijiko cha chakula, kijiko cha chai, futi ya fundi cherehani na daftari la skuli. Mizani ukiipata ni vyema. Ukiikosa, futi inatosha.

Hatua ya 1: Jua unaanzia wapi

Zungusha futi usawa wa kitovu, asubuhi, kabla ya kula, tumbo likiwa limelegea (usilivute ndani, hapa unamdanganya nani?). Kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Mwenye urefu wa sentimita 160 anatakiwa awe chini ya 80. Mwenye mizani agawe kilo zake kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa mtu mzima, 18.5 hadi 24.9 ni uzito wa kawaida, 25 kwenda juu umezidi, 30 kwenda juu ni unene wa kutafutiwa dawa mapema.

Pima mara moja kwa wiki, siku ile ile, saa ile ile. Anayepanda mizani kila siku atahuzunishwa na maji tu, kwani mwili hupanda na kushuka kilo moja au zaidi kwa chumvi ya jana na choo cha leo.

Hatua ya 2: Siku saba za kuandika, bila kubadilisha kitu

Andika kila kinachopita mdomoni, pamoja na kashata ya kahawani na kipande cha andazi alichobakisha mtoto. Usijirekebishe wiki hii. Ukijirekebisha, daftari litakuonesha mtu mwengine na hutojua pa kukata.

Hatua ya 3: Chai

Hapa ndipo pa kuanzia, kwa sababu panauma kidogo na panalipa haraka. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4 hivi za sukari. Kile cha mlima kinafika 6 au 7. Anayekunywa vikombe vitatu kwa siku, vijiko vitatu vya mlima kila kimoja, amekula karibu gramu 60. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isifike gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, na ikishuka chini ya 25 ni bora zaidi. Sukari ya juisi na soda imo humo humo.

Usiikate ghafla. Toa nusu kijiko kila baada ya wiki moja. Ulimi huzoea kidogo kidogo. Ongeza mdalasini, iliki au tangawizi, vitu ambavyo hapa hatuna upungufu navyo. Anayekwenda kwenye asali au sukari guru akidhani ameokoka, mwili unaihesabu kuwa sukari vile vile.

Kitafunio nacho: andazi moja la ukubwa wa kiganja lina kalori 150 hadi 200, na hakuna anayekula moja. Badili siku nne kati ya saba. Weka yai la kuchemsha na slesi mbili za boflo, au bakuli la mbaazi za tui jepesi, au kiazi kitamu cha kuchemsha na kipande cha samaki wa jana. Yai, samaki na mbaazi hukaa tumboni muda mrefu kuliko unga uliokaangwa, na saa nne hutoanza kumtafuta muuza kachori.

Hatua ya 4: Nazi mara moja kwa mlo

Tatizo la nazi ni kurudiwa: wali wa nazi, juu yake mchuzi wa nazi, pembeni kisamvu cha nazi. Chagua kimoja. Wali ukiwa wa nazi, samaki awe wa kuchoma au wa mchuzi wa ukwaju, na mchicha uchemshwe kwa kitunguu, tungule na ndimu. Ukitamani pweza wa nazi, pika wali mweupe.

Kisha ukamuaji. Theluthi moja ya nyama ya nazi iliyokomaa ni mafuta, na mengi hutoka katika tui la kwanza. Kwa nusu kilo ya mchele wa watu watano, fanya hivi:

Chukua nazi moja uikune. Mimina kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, fikicha, kamua, weka tui zito pembeni. Rudia chicha ile ile kwa vikombe viwili vya maji, upate tui jepesi. Pikia mchele kwa tui jepesi lililoongezwa maji hadi kufikia kipimo chako cha kila siku. Wali unapokaribia kukauka, kabla ya kuupalia, nyunyiza nusu kikombe tu cha tui zito juu yake na ufunike. Harufu inayokaa juu ya wali hutoka kwenye tui hili la mwisho, kwa hiyo mlaji haoni pengo. Tui zito lililobaki liweke kwenye friza kwa mlo wa kesho.

Makosa mawili hutokea. La kwanza, mtu anapunguza tui asiongeze maji, wali unatoka na kiini kigumu, lawama zinaangukia somo. La pili, tui zito linatiwa mapema na kuchemshwa kwa moto mkali bila kukorogwa, linakatika na mafuta yanaelea juu.

Hatua ya 5: Sinia

Sinia lina baraka zake na hatulivunji. Lakini angalia linavyopangwa: wali umefunika chuma chote, samaki katikati, kachumbari kwenye kibakuli kidogo ambacho wa upande wa pili hakifikii. Kila mtu anakula mbele yake, na mbele yake ni wali. Wali ukipungua, upawa unarudi tena.

Lipange upya. Pima wali kwa kikombe kabla haujatoka sufuriani: kikombe kimoja na nusu cha wali uliopikwa kwa mwanamme anayefanya kazi ya nguvu, kimoja kwa mtu mzima anayetaka kupungua, nusu kwa mtoto mdogo. Kikombe kimoja kina kalori 200 na ushei, wali mweupe. Wa nazi unazidi. Weka wali katikati uwe kilima kimoja, sio zulia. Uzungushie mchicha, bamia, biringani au kachumbari ukingoni mwote, ili kila mkono ukutane na mboga kwanza. Samaki mgawe vipande kabla, kila mtu kipande chake cha ukubwa wa kiganja bila vidole. Kinachoongezwa baadaye ni mboga. Sufuria ya wali ibaki jikoni imefunikwa, maana ikiletwa mkekani itamalizwa, na si kwa njaa.

Kwa anayekula sahani peke yake: nusu mboga, robo wali au ugali, robo samaki, kuku au kunde.

Hatua ya 6: Tarehe kwenye chupa ya mafuta

Ukifungua chupa ya lita moja, andika tarehe kwa peni ubavuni. Lita moja ni vijiko 66 vya chakula, na kijiko kimoja kina kalori 120. Nyumba ya watu watano ikiimaliza kwa siku tatu, kila mmoja amekula vijiko zaidi ya vinne kwa siku, karibu kalori 500 zisizoonekana popote kwenye sahani. Ifikishe siku sita au saba. Kitunguu cha mchuzi kinahitaji vijiko viwili kwa sufuria nzima. Kikianza kushika, ongeza maji kijiko kimoja kimoja.

Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu, ikiwemo ya ng'onda (samaki mkavu wa chumvi) na ya vidonge vya supu. Ng'onda mloweke usiku kucha na ubadili maji mara mbili.

Hatua ya 7: Jioni

Urojo ni chakula kamili, usiuite kitafunio. Ndani yake mna viazi, bajia, kachori, chipsi za muhogo na mchuzi wenye unga. Ukiunywa saa kumi na moja, umeshakula cha usiku. Nyumbani kula mboga na samaki basi. Mwendo wa dakika 30 kwa siku tano za wiki unatosha kuanzia, na uwe mwendo wa kuhema kidogo, sio wa kutazama madirisha ya maduka.

Kasi nzuri ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Wiki ya kwanza inaweza kushuka zaidi, mengi yakiwa ni maji.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Fuoni:* Assalaam alaykum. Mwezi wa Ramadhani mimi huongezeka badala ya kupungua. Nakosea wapi?

Waalaykum salaam dada. Futari zetu ni wanga juu ya wanga: muhogo wa nazi, ndizi za nazi, tambi za sukari, kaimati, halafu uji. Fungua kwa tende tatu na maji, sali Magharibi, kisha rudi. Chagua wanga mmoja wa futari na kimoja tu kitamu, kaimati zikipikwa leo tambi zisubiri kesho. Supu ya samaki au ya mboga itangulie. Daku usiliache, lile la mwisho wa usiku, na liwe na yai, maharage au mtindi. Anayelala bila daku ndiye anayeparamia kaimati kumi jioni.

*Kijana wa Wete:* Kaka, nimeambiwa niache wali nile muhogo. Kweli?

Muhogo wa kuchemsha, gramu kwa gramu, hauna kalori chache kuliko wali uliopikwa. Mara nyingi unazidi. Shelisheli la kuchemsha na kiazi kitamu ni nyepesi kidogo na zina nyuzinyuzi zaidi. Ila vyote ukivitia tui zito umerudi pale pale.

*Bint Makunduchi:* Baba yangu ana sukari na anatumia vidonge. Apunguze wali kama ulivyosema?

Hapo tahadhari. Jua kwanza jina la dawa. Glibenklamaidi, na pia sindano za insulini, zinaweza kushusha sukari hadi mtu atetemeke, atoke jasho au aanguke, ukipunguza chakula bila dozi kupunguzwa. Metformini peke yake ni nadra kufanya hivyo. Mpeleke kliniki na daftari la chakula, daktari apange dozi na mlo kwa pamoja. Asiruke mlo, na sukari ya dharura iwe mfukoni. Mpango wa mboga ukingoni mwa sinia anaweza kuuanza leo.

*Mvuvi, Nungwi:* Mafuta ya nazi si ni dawa? Wazee walikula na hawakunenepa.

Ami, wazee walivuta makasia na kwenda shamba kwa miguu. Mafuta ya nazi kwa sehemu kubwa ni yale yanayoganda, na hayo hupandisha kolesteroli mbaya kwenye damu. Kipimo kidogo kwa ladha hakina neno. Kijiko kizima cha kunywa asubuhi ni kalori 120 za bure.

*Mama wa Chake:* Nanyonyesha, mtoto ana miezi miwili.

Usikate kiasi cha chakula sasa, Mama. Punguza soda, sukari na vya kukaanga tu. Samaki, mboga na maji viongezeke.

*Dada wa Mwanakwerekwe:* Nilishuka kilo nne, sasa wiki tatu mizani haisogei.

Pima kiuno kwanza, kikipungua, endelea. Kisipopungua, rudi kwenye daftari kwa siku saba. Mara nyingi kikombe kimekuwa cha mlima, au juisi imerudi kimya kimya: gilasi moja ya juisi ya chungwa ni machungwa matatu yaliyoachwa nyuzi zake kwenye kichujio. Tena mwili uliopungua unahitaji chakula kidogo kuliko wa mwanzo. Toa robo kikombe ya wali mchana, ongeza dakika kumi za mwendo, subiri wiki mbili ndipo upime.

*Mama wa Fuoni:* Na harusini? Pilau haipimwi kwa kikombe pale.

Kunywa maji gilasi mbili kabla ya kutoka, kaa upande wa sinia wenye kachumbari, na ondoka mkono wa kwanza unapoinuka. Mkate wa ajemi wa kufungashiwa mpe jirani.