Jinsi ya kuchimbua asili ya jina la kitongoji cha Malta

Usianze na maana ya jina. Anza na tahajia. Alfabeti ya Kimalta inayotumika leo ilipata hadhi rasmi mwaka 1934 tu. Kabla yake, mwandishi wa hati za mashamba aliandika Kilatini, Kisisilia au Kiitaliano, akasikiliza mkulima anavyotamka, kisha akakadiria. Hakuwa na ħ wala għ. Sauti ya "sh" aliiandika x au sc, ndiyo maana jina moja la ukoo lipo hadi leo kama Axiaq, Axiak na Asciak. Basi orodhesha kila tahajia inayowezekana kabla hujagusa faharasa yoyote.

Ħal, inayoanza majina mengi ya vijiji, ni mkato wa raħal, kijiji, na kwenye hati za zamani hugeuka Casal. L yake humezwa na baadhi ya konsonanti zinazoifuata (Ħaż-Żebbuġ, Ħaż-Żabbar), kwa hiyo usitafute chini ya Ħal peke yake. Bir ni kisima, għajn chemchemi, wied bonde.

Kimalta kina asili ya Kiarabu, kwa hiyo msomaji wa Kiswahili ana nafuu hapa, na nafuu hiyo ndiyo mtego. Żejtun na mzeituni ni ndugu. Mdina na Madina vilevile. Bir Miftuħ, kisima kilicho wazi, ina shina moja na Fatiha. Ukishazoea hivyo utakutana na Ħal Far, uone kwamba far ni panya, uandike "kijiji cha panya". Subiri! Baada ya Ħal mara nyingi hukaa jina la mtu au la ukoo, hivyo maana ya kamusi si ushahidi.

Kwenye hati, kosa la kawaida ni kutafuta kitongoji kwa jina lake katika daftari za ubatizo. Vitongoji vingi havikuwa na parokia. Watu wake wameandikwa chini ya parokia mama, kwa hiyo ijue hiyo kwanza. Kisha tafuta kanisa dogo la hapo katika ripoti ya ziara ya Pietro Dusina, mjumbe wa Papa aliyekagua makanisa ya Malta, ya 1575. Kwa mashamba, tumia cabrei, daftari za ardhi za Shirika la Mtakatifu Yohane lililotawala Malta 1530 hadi 1798. Baadhi zina ramani za viwanja zilizochorwa kwa mkono. Mikataba ya mauziano iko kwenye nyaraka za manotari, Valletta. Kazi ya mwanahistoria Godfrey Wettinger ya mwaka 2000 imekusanya majina ya mahali ya takriban 1300 hadi 1800, nayo itakuokolea miezi.

Kitongoji kikitoweka ghafla kwenye hati, usidhani umekosea. Ħal Millieri, karibu na Żurrieq, ilihamwa. Lililobaki ni kanisa la karne ya 15 lenye picha za ukutani.

Kila umbo unalolipata liandike herufi kwa herufi, pamoja na mwaka na namba ya ukurasa. Maana uliyoipenda ikigombana na umbo la zamani kuliko yote, iache maana.