Kuchora ramani ya dini za dunia bila kudanganya macho

Ramani nyingi za dini hupaka nchi nzima rangi ya dini yenye waumini wengi. Siberia, yenye watu wachache, hujaza karatasi. Bangladesh, yenye watu zaidi ya milioni 160, huwa doa. Msomaji huona ardhi akidhani anaona watu.

Kabla ya kugusa rangi, amua unahesabu nani: anayejitaja kuwa wa dini fulani, aliyeandikishwa kama muumini, au anayehudhuria ibada. Chagua kipimo kimoja tu. Ukijumlisha waumini wa Shinto (dini ya jadi ya Wajapani) na wa Ubuddha nchini Japani kama mashirika ya dini yanavyowaripoti, jumla huzidi idadi ya watu wote, kwa kuwa mtu mmoja huhesabiwa pande zote mbili. Dini za jadi nazo hupotea kwenye fomu, maana anayetambika na pia kwenda kanisani hujaza jibu moja. Usiziandikie sifuri.

Sensa ndiyo msingi, ila sensa za Marekani na Ufaransa haziulizi dini, na Lebanon haijafanya sensa rasmi tangu 1932. Huko tumia tafiti za sampuli. Kwenye jedwali lako tenga safu ya mwaka na safu ya chanzo, la sivyo utalinganisha India ya 2011 na England ya 2021 kana kwamba ni za siku moja.

Kinachobadilisha ramani kuliko yote ni kushuka hadi ngazi ya jimbo. Kwa sensa ya 2011, Wahindu walikuwa asilimia 79.8 ya watu wa India. (Wahindu, si Wahindi: hao wa pili ni wananchi wa dini zote.) Ukiigawa nchi, Punjab inakuwa ya Masingasinga, asilimia 58 hivi, na Nagaland na Mizoram zinakuwa za Wakristo, zaidi ya asilimia 85. Indonesia vivyo hivyo: ina Waislamu wengi mno, lakini Bali ni ya Wahindu.

Sasa weka nukta, moja kwa kila watu 500,000. India ya 2011 itapata takriban nukta 2,420: Wahindu 1,930, Waislamu 344, Wakristo 56, Masingasinga 42, na zilizobaki ni za wengine. Zimwage penye makazi. Kompyuta ikizitawanya ovyo, za Algeria zitaangukia Sahara ilhali watu wamejazana kaskazini. Waparsi wa India, wafuasi wa dini ya Zoroasta, 57,000 hivi, hawafikishi nukta hata moja. Wape alama yao pale Mumbai na uieleze kwenye ufunguo.

Ramani ya msingi, ile ya kuwekea nukta, iwe ya mtindo unaotunza ukubwa wa maeneo, kama ule uitwao Mollweide. Mtindo wa Mercator huifanya Greenland ikaribiane na Afrika, wakati Afrika ni kubwa mara 14.

Rangi zisizidi saba au nane, na nyekundu isikae kando ya kijani, kwani wapo wasioweza kuzitofautisha. Wasio na dini wapewe rangi yao kamili. Kijivu kibaki kwa mahali pasipo na takwimu. Ukivichanganya viwili hivi, nchi isiyohesabiwa itasomeka kama nchi isiyoamini.