Kuichambua 1,234,567 kwa kalamu na karatasi

Nikitafuta vigawo vya namba, yaani namba zinazoigawa bila baki, mimi huanza na mkia wake. 1,234,567 inaishia na 7, kwa hiyo ni witiri, na 5 haiigawi. Jumlisha tarakimu: 28. Haigawanyiki kwa 3, basi 9 usiihangaikie.

Sasa ujanja ninaoupenda kuliko yote. Ikate namba tarakimu tatu tatu kutoka kulia, kisha toa na kujumlisha kwa zamu: 567 − 234 + 1 = 334. Kwa kuwa 1,001 ni 7 × 11 × 13, ijaribu hiyo 334 badala ya namba nzima. Ukiigawa kwa 7, 11 na 13, inabakiza 5, 4 na 9. Zote tatu zimeanguka kwa mpigo mmoja.

Kuanzia 17 ni jasho. Gawanya kwa namba tasa moja moja. Kipeuo cha pili cha 1,234,567 ni kama 1,111, usivuke hapo. (Mara ya kwanza niliijaribu hata 91, ambayo ni 7 × 13 tu!) Ukifika 127, inakubali: 127 × 9,721.

Je, 9,721 ni tasa? Usigawanye tena. Kigawo tasa chochote chini ya 127 kingekwisha kujitokeza, na 127 × 127 ni 16,129, imeshaipita. Vigawo ni vinne: 1, 127, 9,721 na namba yenyewe.