Kabla hujarusha droni milimani: ile namba ya kimo inaanzia wapi?

Ukisimama ukingoni pale Irente, nje kidogo ya mji wa Lushoto, uwanda wa Mazinde uko karibu kilomita moja chini ya miguu yako. Inua droni mita 30, isukume mbele ivuke ukingo. Skrini itaendelea kusoma 30, ilhali ardhi imeshaporomoka na chombo kinaelea mamia ya mita juu ya mashamba. Sasa geuza mambo: simama chini Mazinde, panda mita 120, elekea mlimani. Skrini itasoma 120 bila wasiwasi wowote mpaka propela ziguse mwamba.

Droni zote mbili ni nzima. Kwa droni nyingi za kamera, namba ya kimo ni umbali wa kwenda juu au chini kutoka pale ilipoinukia. Pale ndipo sifuri yake, na ikishuka chini ya hapo itakuandikia alama ya kutoa. Kwa hiyo kabla hata ya kuchaji betri, chukua ramani yenye mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye mwinuko mmoja, na uandike namba tatu: mwinuko wa mahali utakaporushia, wa sehemu ya juu kabisa utakayopita, na wa sehemu ya chini kabisa. Zote ziwe kutoka usawa wa bahari. Hesabu nyingine zote zinazofuata zinatoka humo.

Kinachopima ni barometa, kidude kidogo kuliko punje ya hindi kilichokaa kwenye bodi ndani ya droni. Mgandamizo wa hewa hupungua kadiri unavyopanda. Karibu na pwani, hektopaskali moja (kipimo cha mgandamizo) ni kama mita 8 na ushei. Kwenye mita 1,500 ni karibu mita 9.6. Barometa hizi ni hodari wa kuhisi mabadiliko madogo sana, ndiyo maana droni inasimama hewani kama imetundikwa. Lakini kuhisi badiliko ni jambo moja, kujua limesababishwa na nini ni jingine. Mgandamizo ukibadilika wenyewe, droni inadhani ni yenyewe iliyopanda au kushuka.

Na kwetu huku karibu na ikweta unabadilika kila siku. Hewa hujaa na kupwa kama bahari, mara mbili kwa siku: mgandamizo hufika kileleni karibu saa nne asubuhi, kisha hushuka hadi karibu saa kumi jioni. Tofauti huwa kama hektopaskali 3. Kwa mwinuko wa Lushoto hiyo ni kama mita 30 kwa muda wa saa sita, yaani wastani wa mita 5 kwa saa. Ukiruka dakika 25 mchana, sifuri yako imehama mita 2, na imehama upande mbaya: mgandamizo unaposhuka droni hudhani imepanda, nayo hujishusha. Iko chini kuliko inavyosema. Kwa anayepiga picha za harusi si kitu. Kwa anayepita mita 5 juu ya miti ya migrivea, ni kitu.

Joto lina kosa lake, nalo linavuta upande wa pili. Hesabu ya kugeuza mgandamizo kuwa mita imejengwa juu ya hewa ya mfano: nyuzi 15 za Selsiasi usawa wa bahari, zikipungua 6.5 kwa kila mita 1,000. Kwa hesabu hiyo Lushoto, penye mita 1,400 hivi, pangepaswa kuwa na nyuzi 6. Mchana wa nyuzi 22 ni 16 zaidi, na hewa ya moto imetanuka, kwa hiyo barometa isiyosahihishwa inasoma pungufu kwa karibu asilimia 6. Inaposema 120, uko 127. Droni nyingi huchanganya barometa na GPS, hivyo kosa linaweza kuwa dogo kuliko hilo, lakini huwezi kujua limebaki kiasi gani. Kama kikomo chako ni 120, weka 110 kwenye programu na usahau habari hiyo.

Upepo wa ukingoni nao huingilia. Upepo wa mita 10 kwa sekunde ukigonga vibaya tundu la barometa unaweza kuipotosha hata mita 5, kwa muda. Ndiyo sababu droni inayovuka kilele cha mlima huonekana kama inayumbayumba juu na chini hata ukiwa hujagusa rimoti.

Chini ya tumbo kuna kamera ndogo na mara nyingine kihisi cha mwanga kinachopima umbali wa kweli hadi ardhini. Hicho ndicho kifaa pekee kinachojua ardhi iko wapi, na kwa droni ndogo uwezo wake huishia kama mita 10. Kitakusaidia kutua. Hakitakuonya kuhusu mteremko unaokuja mbele, na juu ya maji, ukungu au msitu wenye giza usikitegemee.

GPS je? Inatoa mwinuko, lakini kosa lake la juu-chini kwa kawaida ni kubwa kuliko la upande kwa upande, na ndani ya bonde jembamba hali huzidi: setelaiti chache zinaonekana, na mawimbi mengine yanakuja yakiwa yameshagonga ukuta wa mlima. Isitoshe, GPS haianzi kuhesabu kwenye usawa wa bahari. Inapima kutoka umbo la hesabu la dunia, na katika Afrika Mashariki umbo hilo liko juu ya usawa wa bahari. Ufukweni Dar es Salaam, mwinuko mbichi wa GPS husoma zaidi ya mita 20 chini ya sifuri ilhali umesimama mchangani. Anayetengeneza ramani akichanganya mwinuko mbichi na ramani ya kontua bila kusahihisha, amejitengenezea kosa la ghorofa saba kabla hajaondoka ofisini. Kwenye programu ya kupanga safari, hakikisha mfumo wa mwinuko wa droni na wa data ya ardhi ni mmoja.

Data hiyo yenyewe isome kwa mashaka. Ramani nyingi za mwinuko za bure zinatokana na SRTM, data ya mwinuko wa dunia iliyopimwa kwa rada kutoka chombo cha anga za juu cha Endeavour mwezi Februari 2000. Kiwango kilichokusudiwa cha usahihi wake ni mita 16 za juu-chini, na msituni rada haikufika chini yote, ilirudi kutoka ndani ya majani. Mikaratusi iliyopandwa baadaye haimo kabisa. Ongeza mita 20 kwa data na urefu wa miti unayoiona kwa macho.

Sheria inazungumza lugha nyingine kabisa. Kikomo cha futi 400, ambazo ni mita 122, kinachotumika Kenya na nchi nyingi kinahesabiwa kutoka ardhini chini ya droni. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinasema mita 120 kutoka sehemu ya ardhi iliyo karibu zaidi, kwa hiyo huko unaweza kufuata ukuta wa mlima ukipanda nao, ila ukiwa mbali nao zaidi ya mita 120 umevunja. Kikomo ulichoweka kwenye programu hakijui hayo: nacho kinahesabu kutoka ulipoinukia. Pale Irente hakitakuzuia hata kidogo, na ukipanda mlima kutoka chini kitakuzuia mapema. Kwa droni nyingi za DJI unaweza kukipandisha hadi 500, na hapo jukumu lote limehamia kwako. Tanzania soma masharti ya kibali chako cha TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ndani ya hifadhi za taifa omba ruhusa ya hifadhi pia. Ukitakiwa kutoa taarifa kwa watu wa anga, wape mwinuko kutoka usawa wa bahari na kwa futi: 1,400 jumlisha 120 ni mita 1,520, karibu futi 4,990. Rubani wa helikopta hana faida na 120 yako.

Mahali droni nyingi hufia milimani ni kwenye kurudi nyumbani, ile RTH. Mawimbi ya rimoti yakikatika nyuma ya kigongo, droni hupanda hadi kimo ulichoweka kisha huja moja kwa moja. Tuseme umerushia 1,400 na kigongo kilicho katikati kina 1,520. Tofauti ni mita 120, urefu wa miti mita 30, makosa ya data mita 20: RTH haiwezi kuwa chini ya 170. Lakini kwa 170, juu ya bonde utakuwa umepita kikomo cha sheria, na kama kikomo cha programu ni 120 huenda isikuruhusu kabisa kuandika 170. Hesabu ikikataa hivyo, usiilazimishe. Hamisha pa kurushia. Panda wewe kwenye kigongo kwa miguu, urushie huko, na tatizo hilo linaisha.

Ukiwa juu, shida inageuka kuwa ya betri. Droni iliyo mita 200 chini yako, RTH ikiwa 60, lazima ipande mita 260 kabla ya kuanza kurudi. Kwa mita 4 kwa sekunde ni sekunde 65 za kupanda mfululizo, kazi inayokula betri kuliko nyingine zote. Geuza ikiwa bado na asilimia 50. Tena, ukihama mahali ulipo na kubadilisha pointi ya nyumbani, usidhani sifuri imehama nawe. Kwa droni nyingi hubaki palepale ilipoinukia.

Kwa wanaopima mashamba ya mteremko: ukiruka kwa kimo kimoja cha mita 100 na mpishano wa picha (sehemu ya ardhi ambayo picha mbili zinazofuatana zinaonyesha zote) wa asilimia 75, ardhi ikipanda mita 60 umebaki na mita 40 tu, na mpishano umeshuka hadi asilimia 37. Mpishano wa pembeni wa 70 unakuwa 25. Ramani itatoka na matundu sehemu za juu, na watu hulaumu kamera. Tumia hali ya kufuata ardhi, au gawa shamba kwa mikanda ya mwinuko na kila mkanda uwe na ruko lake.

Hewa nyepesi isikushtukize. Kwenye mita 2,000 uzito wa hewa ni kama asilimia 82 ya ule wa pwani, kwa hiyo propela huzunguka karibu asilimia 10 haraka zaidi ili kubeba mzigo uleule. Tazama kwenye maelezo ya droni mwinuko wa juu wa kurukia; nyingi ndogo huishia 4,000. Betri za asubuhi ya baridi zibebe ndani ya koti.

Ukitua, tua palepale ulipoinukia, na kabla ya kuzima motor soma skrini. Ikiandika 2 au 3 badala ya 0, hicho ndicho kiasi mgandamizo ulichohama ulipokuwa angani. Kiandike pamoja na saa, ukitumie kwenye ruko linalofuata.