Kupima nyasi bahari kwa ajili ya tasnifu, kutoka kwa mtu wa Kongwa

Nimezaliwa Kongwa, Dodoma. Mpaka naingia chuo, maji kupwa na maji kujaa nilikuwa nayasikia kwenye taarabu tu. Sasa ni mwaka wa sita nawapeleka wanafunzi wa ikolojia pwani ya mashariki ya Unguja, na kila mwaka hakosekani mmoja wa kuniletea pendekezo la utafiti juu ya "athari za mabadiliko ya tabianchi kwa bioanuwai ya bahari", muda wa kazi wiki tatu. Namrudishia. Upotevu ni tofauti ya jana na leo, na mwenye wiki tatu ana leo peke yake.

Kwa hiyo anzia maktaba. Tafuta tasnifu za zamani za watu waliopima nyasi bahari, ufungue sura ya mbinu kabla ya matokeo: walisimama wapi, mwezi gani, fremu yao, yaani mraba unaolazwa chini ili kuhesabu kilichomo ndani yake, ilikuwa na ukubwa gani. Ukipata yenye ramani inayofuatika, jana yako umeipata. Rudi palepale, msimu uleule, upime walivyopima wao, hata kama mbinu yao unaiona ya kizamani. Nyasi hizi hupungua na kuongezeka kwa majira, kwa hiyo vipimo vya kaskazi vilinganishe na vya kaskazi, usivichanganye na vya kusi. Ukikosa tasnifu ya namna hiyo, badili swali: linganisha penye mashamba ya mwani na pasipo, au karibu na diko, mahali vyombo vya wavuvi vinapotia nanga, na mbali nalo. Hapo neno "upungufu" lifute kwenye kichwa cha kazi yako.

Tusichanganye mambo pia. Mwani hauna mizizi ya kweli wala maua. Nyasi bahari ni mmea kamili, una mizizi, shina linalotambaa chini ya mchanga, maua na mbegu. Samaki kama tasi na pono hula humo, na hewa ya ukaa nyingi hufukiwa kwenye tope lake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikadiria kwamba asilimia 29 ya eneo la nyasi bahari linalojulikana duniani ilikuwa imepotea tangu kumbukumbu zilipoanza kuandikwa mwaka 1879.

Safari yangu ya kwanza nilifika na barua ya chuo, kibali cha utafiti, fremu mpya na buti. Sheha alisoma vyote kwa utulivu, akanitazama. "Mwanangu, karatasi zako safi. Lakini haya maji mafu. Utapima nini?" Maji mafu ni siku ambazo maji hayapwi sana, na nyasi hubaki zimefunikwa. Nilikaa siku tano nikila urojo na kusubiri mwezi. Wewe panga safari kwa kalenda ya mwezi: bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani kama tarehe 29 hadi 3, na 14 hadi 17 za mwezi mwandamo. Uzuri wa Unguja ni kwamba siku za bamvua maji hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, mchana kweupe. Ingia saa moja na nusu kabla ya maji kufika chini, uyafuate yanavyotoka. Yakianza kurudi, toka. Usijidai fremu mbili za mwisho, maana kwenye pwani tambarare maji hukupita nyuma kupitia mikondo ya ndani na wewe bado umeinama unahesabu.

Mpangilio ninaoutumia ni ule wa mistari mitatu ya mita 50, ikienda sambamba, mita 25 kati ya mmoja na mwingine. Tandaza futikamba, kisha kila mita 5 laza fremu ya sentimita 50 kwa 50. Mstari mmoja unakupa fremu 11, kituo kizima 33. Tengeneza fremu kwa bomba la plastiki na ulitoboe lijae maji, la sivyo litaelea. Piga picha kwanza, kabla hujagusa kitu. Kisha kadiria asilimia ya mchanga iliyofunikwa, gawanya kwa spishi, pima urefu wa majani, andika mwani uliomo. Siku ya kwanza kadirieni wawili fremu ileile bila kuambiana. Mimi niliona 40, mwenzangu 65. Tulizozana juani mpaka tukakubaliana tunaangalia nini.

Spishi zinatisha kwenye kitabu kuliko majini. Yenye majani kama tambi ni Syringodium. Vijani vya mviringo vyenye kikonyo ni Halophila ovalis. Yenye shina gumu kama kijiti na kishada cha majani juu yake ni Thalassodendron. Thalassia jani lake limepinda kama mundu. Zinazosumbua ni Cymodocea mbili: pitisha ncha ya jani kwenye kidole, ikikwaruza kwa meno madogo ni serrulata, ikiwa laini na ya duara ni rotundata.

Alama za kituo nilizipigilia kwa nondo. Miezi mitatu baadaye nikakuta mashimo matupu, nadhani zilikwenda kwenye vyuma chakavu, na simlaumu aliyezichukua. Sasa naandika majiranukta ya GPS, na juu yake nafanya kama wavuvi: nalinganisha alama mbili za nchi kavu, mnara wa msikiti na mnazi uliopinda, kisha nyingine mbili za upande. Nachora kwenye daftari. Mnazi unaweza kuanguka, ndiyo maana nachukua na mnara.

Kwenye sababu za nyasi kupungua, usikimbilie joto la bahari. Kusini mwa Kenya, nyasi za Thalassodendron ziliwahi kuliwa vibaya na viumbe duara wenye miiba, Tripneustes gratilla, waliozidi kwa kuwa samaki wanaowala walikuwa wamevuliwa mno. Wahesabu hao ndani ya fremu. Andika pia nanga, juya (nyavu za kukokota) na mashamba ya mwani.

Na waulize kina mama wanaookota chaza. Bi mkubwa mmoja aliniuliza mbona nahesabu hapa, wakati palipokwisha majani ni kule, akanyoosha mkono. Sikuihamisha mistari yangu, maana ukichagua mahali kwa kuwa umeambiwa pameharibika, jibu umeshalitoa kabla ya kupima. Niliongeza kituo cha pili huko, nikaeleza kwenye mbinu nilivyokipata.

Kwenye takwimu, fremu 33 za kituo kimoja usizihesabu kama sampuli 33 huru. Ni majirani. Ukilinganisha vituo, sampuli yako ni kituo, kwa hiyo heri vituo sita vya haraka kuliko viwili vya kifahari.

Ingiza data jioni ileile, kabla ya kulala. Na beba penseli mbili: kalamu ya wino haiandiki kwenye kibao cha kuandikia data kilicholowa, na penseli ya kwanza lazima itaelea iende zake.